Mpelelezi Anayetetemeka

"Mjomba, shujaa anaweza kuwa mwoga?"

Umeuliza vizuri, mpwa wangu. Tena umeuliza jambo ambalo watu wazima wengi hawajawahi kuliuliza. Wao wamezoea shujaa mwenye kifua kipana. Anaruka ukuta. Anawaangusha watu watatu kwa mkono mmoja. Waambie kuna kitabu ambacho shujaa wake anatetemeka, anajikuna kichwa, na kila mara anajiambia "labda nimekosea". Watacheka. Watasema huyo si shujaa.

Mimi nasema ni shujaa. Kaa hapa nikueleze. Na nyinyi wengine sogeeni, mkeka ni mrefu.

Tuanze na kitabu chenyewe. Riwaya ni hadithi ndefu inayojaza kitabu kizima. Zipo riwaya za mapenzi. Zipo za vita. Leo nasema ile ya upelelezi. Humo ndani kuna jambo baya limetokea, na hakuna anayejua nani amelifanya. Mtu ameuawa. Au mali imeibwa. Au mtoto hajulikani alipo. Basi anatokea mmoja wa kutafuta ukweli. Huyo ndiye mpelelezi.

"Na sisi tunaosoma, tunafanya nini?"

Tunatafuta pamoja naye! Ndiyo raha yake. Fikiria chungu cha maharage kiko kwenye mafiga, kimefunikwa. Mama amesema mtu asifunue. Wewe hujaona ndani. Lakini pua unayo. Unasikia harufu ya kitunguu. Unaona povu pembeni ya kifuniko. Unasikia kinavyotokota, unajua maji yanakaribia kukauka. Hujafunua, na tayari umejua mengi. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi anafanya hivyo hivyo. Anafunika chungu, lakini harufu anaiacha itoke. Harufu ile ndiyo dalili. Akiwa fundi kweli, anaweka karibu yake samaki wa kukaanga, ili pua yako ipotee njia. Mwisho anafunua. Na wewe unasema: "Aah! Kumbe nilisikia harufu hii tangu mwanzo!" Ikiwa hukuisikia hata mara moja, basi mwandishi huyo amekudhulumu. Una haki ya kununa.

Sasa nitawapa kisa. Kimetokea humu humu, katika ziwa letu.

Mnalijua Ziwa Tanganyika kwa kuoga na kuchota maji. Lijueni na kwa hesabu. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 670. Kina chake kinafika mita 1,470, na katika Afrika nzima hakuna ziwa lenye kina kama hicho. Lakini samaki hawakai chini kabisa. Kule maji hayana hewa ya kuwatosha. Wanakaa juu, na wanakaa pembezoni, kwenye mawe na mchanga, karibu na pale mnaporukia. Kwa hiyo wanabanana. Wanajuana kwa sura. Na panapo majirani wengi, panakuwa na siri nyingi.

Miongoni mwao alikuwamo Chembe. Msikieni mwenyewe.

"Mimi naitwa Chembe. Nimekua mpaka mwisho wangu, na hata hivyo sifiki sentimita 5. Nyumba yangu ni ganda la konokono. Konokono mwenyewe alikufa zamani, mimi nikahamia. Nikiona kivuli, vup! Ndani. Nikisikia kishindo, vup! Ndani. Jana niliogopa jani. Leo asubuhi nimeogopa mkia wangu. Msiniulize nani mkubwa katika ziwa hili. Kwangu mimi wote ni wakubwa."

"Mjomba, kuna samaki anayeishi ndani ya konokono kweli?"

Wapo, mpwa wangu, na wanapatikana katika ziwa letu. Wanalala ndani ya maganda matupu, wanataga humo, wanalea watoto humo. Wengine wanachimba mchanga ili ganda likae vizuri, mlango ukielekea wanakotaka. Siku ukiokota ganda kubwa la konokono ufukweni, lichungulie kwanza kabla hujalirusha.

Karibu na Chembe aliishi Mama Domo. Yeye alikuwa wa ukoo wa samaki wanaoatamia mayai mdomoni. Mama wa ukoo huu anataga mchangani. Akishataga anageuka upesi, anayaokota mayai yote kwa mdomo wake. Kisha anafumba. Mayai yanaanguliwa humo. Watoto wanakua humo. Siku nyingi mama anakaa hivyo, hali chakula cha maana, mashavu yamemvimba.

"Hawamezi?"

Hawamezi! Mama gani huyo awameze wanawe? Anawabeba mpaka wapate nguvu za kuogelea.

Basi siku moja Mama Domo akaanza kulia. "Watoto wangu wanapungua! Jana mdomo ulikuwa mzito. Leo mwepesi. Nani anawachukua wanangu?"

"Mjomba, alisemaje na mdomo umefumba?"

Eeh! Huyo ndiye msikilizaji ninayemtaka. Alisema kwa mapezi. Samaki wanaelewana kwa mapezi. Na lishike hilo swali lako, maana ndilo litakalofungua kisa chote. Mdomo umefumba.

Majirani wakakusanyika. Akaja Sangala, samaki mkubwa, mwenye sauti. Sangala hakuuliza kitu. Alisema: "Nimekwisha jua! Ni Kaa. Mtazameni anavyotembea upande upande. Mtu mwema anatembea mbele." Kaa akafukuzwa kwenye jiwe lake, na makucha yake akayabeba, analia.

Kesho yake watoto wakapungua tena.

Sangala akasema: "Nimekwisha jua! Ni Kuhe. Mtazameni tumbo lake lilivyo kubwa." Kuhe akasukumwa mpaka maji marefu.

Kesho yake watoto wakapungua tena.

Sangala akasema: "Nimekwisha jua! Ni mzimu wa ziwa. Na mzimu haushtakiwi. Kila mtu arudi kwake." Wote wakarudi kwao wakitetemeka.

Chembe alikuwa mlangoni mwa ganda lake, nusu ndani, nusu nje. Alikuwa na neno. Lakini nani atamsikiliza Chembe? Akajiambia: "Labda nimekosea. Lakini mdomo ulikuwa umefumba. Kaa angepita wapi? Kuhe angepita wapi? Labda nimekosea. Ngoja niangalie tena."

Akatoka.

Kutoka ganda lake mpaka kwa Mama Domo palikuwa kama kutoka hapa nilipo mpaka pale ulipoacha kandambili. Kwako ni hatua tatu. Kwake ilikuwa safari. Alikwenda kidogo, akarudi. Alikwenda tena, akarudi. Mara ya tatu alifika, moyo unamdunda, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mama Domo, shikamoo. Samahani. Siku ile ya kutaga, palitokea nini?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Wote waliuliza habari za jana na za leo. Chembe aliuliza habari za siku ya kwanza.

Mama Domo akafikiri. "Marahaba, mwanangu. Siku ile nilikuwa nataga, na mume wangu yuko kando yangu. Ghafla akapita Bwana Sharubu na mkewe, mbio, katikati yetu. Mchanga ukatimka. Nikaogopa mayai yangu yataliwa. Nikayaokota haraka haraka, nikafumba mdomo."

"Uliyatazama kabla ya kuyaokota?"

"Nani anatazama mayai katika vurugu kama ile?"

Chembe akarudi kwenye ganda lake. Usiku ule hakulala. Alijiuliza: ikiwa mdomo umefumba, na hakuna aliyeingia, na watoto wanapungua, basi mwizi yuko wapi?

"Yumo ndani!"

Ah! Nani amesema hivyo? Wewe wa nyuma? Njoo mbele, ukae karibu yangu. Umefika pale pale alipofika Chembe.

Yumo ndani. Na kama yumo ndani, aliingia siku ile ya vurugu. Chembe alipofika hapo aliogopa kuliko siku zote. Bwana Sharubu alikuwa mzee wa heshima. Ana sharubu ndefu, ana madoa mazuri meusi, anasalimia kila mtu. Chembe atamshtaki vipi? Sangala angeshapiga kelele. Chembe alijiambia maneno yake yale yale: "Labda nimekosea. Ngoja niangalie tena."

Akangoja. Siku zikapita. Siku Mama Domo alipofungua mdomo, majirani wote walikuwapo. Wakatoka watoto. Wachache. Wamenona. Na kila mmoja ana sharubu. Na kila mmoja ana madoa.

Mnaona kifuniko kilivyofunuliwa?

"Lakini Mjomba, hii umeitunga."

Mazungumzo nimeyatunga. Wizi wenyewe sikuutunga. Mwaka 1986 mtafiti wa Kijapani, Tetsu Sato, alitangaza habari hii katika jarida la sayansi linalosomwa dunia nzima. Yupo samaki wa jamaa ya kambale katika Ziwa Tanganyika, mwenye sharubu na madoa. Wale wanaoatamia mdomoni wanapotaga, yeye na mwenzake wanapenya katikati yao, wanakula baadhi ya mayai yao, na wao wanataga hapo hapo. Mama wa watu anaokota yote, yake na ya wageni. Mayai ya mgeni yanaanguliwa mapema. Na watoto wa mgeni wakishamaliza kiini cha yai lao, wanaanza kuwala wenzao humo humo mdomoni. Mama hana habari. Analinda mlango kwa nguvu zake zote, na adui amemfungia ndani.

Jinsi ninavyoipenda habari hii siwezi kuwaeleza. Hapo zamani waandishi walijiumiza vichwa kutunga kisa cha aina hii: chumba kimefungwa kwa ndani, mtu ameuawa, na muuaji hayumo. Mmarekani mmoja, Edgar Allan Poe, aliandika cha namna hiyo mwaka 1841, akakiweka mjini Paris, na wengi wanamhesabu kuwa baba wa hadithi za upelelezi. Kumbe ziwani mwetu kisa kama kile kilikuwapo siku zote, chini ya mitumbwi ya baba zetu.

"Bwana Sharubu ni mwovu?"

Swali zito hilo. Samaki haendi mahakamani, mpwa wangu. Ndivyo alivyoumbwa kuishi, hajui kuwa kuna njia nyingine. Binadamu anajua. Ndiyo maana katika riwaya hatuishii kwenye "nani?" Tunauliza pia "kwa nini?" Alitaka shamba la urithi? Alimwonea wivu ndugu yake? Aliogopa siri yake ya zamani isijulikane? Riwaya isiyojibu "kwa nini" imeiva nusu tu.

Sasa turudi kwenye swali lako. Kwa nini Chembe aliweza, na Sangala hakuweza?

Sangala hakuwa mjinga. Shida yake ilikuwa haraka. Alijiamini mno. Akishapata jibu la kwanza, analala. Chembe hakujiamini, kwa hiyo alirudi kuangalia. Akaangalia mara ya pili. Akaangalia mara ya tatu. Kazi ya upelelezi karibu yote ni kurudi kuangalia.

Na haraka ya Sangala ina ubaya wake. Nitasema jambo la huzuni kidogo, nanyi mmekua, mnaweza kulisikia. Katika nchi yetu wapo bibi vikongwe walionyooshewa vidole, wakaitwa wachawi, wengine wakauawa, kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Macho mekundu! Bibi amepika kwa kuni miaka sitini, katika jiko lisilo na dirisha. Moshi umemwingia machoni asubuhi na jioni. Macho yake yatakuwaje? Mtu akaona dalili, akaisoma vibaya, akasema kwa sauti kubwa, "Nimekwisha jua!" Hakutokea mmoja wa kusema, "Labda tumekosea. Hebu tuangalie tena." Ningempa heshima kubwa huyo mmoja, hata kama angesema huku meno yanagongana.

Mzee mmoja wa Zanzibar aliliona jambo hili mapema. Jina lake Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Aliwahi kuwa mkaguzi wa afya, yule anayepita nyumba kwa nyumba akitazama vyoo na visima. Baadaye akawa mtu wa magazeti, kisha mhariri wa Mkulima, gazeti la wakulima. Mimi naamini ile kazi ya kukagua ilimfundisha kutazama. Katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957 na 1958 alipata tuzo ya kwanza, na mwaka 1960 kitabu chake kikatoka: Mzimu wa Watu wa Kale. Humo mtu anakutwa ameuawa penye mzimu, na mzimu, kama mnavyojua, unatisha. Hata kwetu Ufipa kuna mahali mtu anapita kwa adabu, haongei sana. Lakini mpelelezi wa kitabu kile, Bwana Msa, haridhiki na jibu la mzimu. Anavuta kiko chake, anafikiri, anatafuta mkono wa binadamu. Zaidi siwaambii. Nikiwaambia nitakuwa nimewala chakula chenu.

Baada ya hapo akamwandikia Bwana Msa vitabu vingine. Kisima cha Giningi, 1968. Duniani Kuna Watu, 1973. Siri ya Sifuri, 1974. Viko vingine viwili vya miaka ya sabini. Na mwaka 1984 kikatoka kimoja ambacho jina lake peke yake linanifurahisha: Kosa la Bwana Msa. Tazama! Mpelelezi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili, na mwandishi wake mwenyewe anaweka neno "kosa" juu ya jalada, watu wote walione.

Bwana Msa ana rafiki anayefuatana naye, anaitwa Najum. Najum anaona yale yale anayoyaona Bwana Msa. Anauliza, anashangaa, anakisia, anakosea. Wako wanaomwona Najum kuwa mtu wa kujazia nafasi. Mimi nampenda Najum. Bila yeye, nani angemuuliza Bwana Msa yale ambayo sisi tunataka kuyauliza? Sherlock Holmes wa Uingereza naye ana wake, daktari Watson, tangu mwaka 1887. Kila mwerevu kahitaji rafiki asiye na hakika.

"Lakini Najum si shujaa. Shujaa ni Bwana Msa."

Umenikamata. Ni kweli. Katika vitabu vyetu mwenye mashaka amekaa pembeni. Katikati wamekaa majasiri. Faraji Katalambulla alitupa Simu ya Kifo mwaka 1965, na polisi wake hawana muda wa kujiuliza maswali. Elvis Musiba akatupa Kufa na Kupona mwaka 1974, na ndani yake yumo Willy Gamba. Huyo haogopi bastola, haogopi ndege, haogopi kufa. Ben Mtobwa, mtoto wa mkoa wa Kigoma, jirani zetu wa ziwani, akatupa Joram Kiango. Vitabu hivyo vilisomwa mpaka majalada yakachanika. Vilipita mkono kwa mkono mabwenini, garini, hata melini. Navipenda. Ukivikuta, visome ukishakua kidogo.

Ila ukisoma habari za Willy Gamba, huogopi kwa ajili yake. Unajua atashinda. Mlango ukigongwa usiku, unasema, "Watajuta waliogonga." Lakini mlango ukigongwa usiku, na aliye ndani ni mtu kama Chembe? Hapo unakunja vidole vya miguu. Unataka kumwambia asifungue. Anafungua polepole, na wewe unapumua polepole. Hofu yake inaingia ndani yako. Mwandishi anayejua kazi yake anampa mwoga mlango, kisha anaugonga.

Huko Uingereza alikuwapo mwandishi mwanamke, Daphne du Maurier. Mwaka 1938 alitoa kitabu kinachoitwa Rebecca. Anayesimulia ni msichana mwenye haya nyingi. Ameolewa na mtu tajiri aliyefiwa na mke wa kwanza. Anaingia katika jumba kubwa, na kila kona anasikia habari za mke yule: alikuwa mzuri hivi, alijua kupanga mambo vile. Msichana anajiona si kitu. Anaogopa hata watumishi wa nyumba. Na jumba lile lina siri. Mnajua du Maurier alifanya nini? Kitabu kizima hakutuambia jina la msichana huyo. Rebecca ni jina la yule aliyekufa! Mwenye kusimulia hana jina. Anajidharau kiasi hicho. Na bado ni yeye tunayemfuata, ukurasa kwa ukurasa, mpaka siri inajulikana. Kitabu hicho hakijaacha kusomwa mpaka leo.

"Basi ukiwa mwoga tu, unakuwa shujaa?"

Hapana, na hapa waandishi wengi wanateleza. Mwoga anayekaa ndani ya ganda lake kitabu kizima anachosha. Msomaji atamfungia humo na kwenda kucheza. Hofu lazima iwe na sura. Usiseme tu "alikuwa mwoga". Sema anaogopa nini. Giza? Mbwa? Kusema mbele ya watu? Kuchekwa na kaka yake? Kila mtu ana hofu yake, na hofu hiyo ina historia. Kisha mwandishi amweke shujaa mahali ambapo ukweli uko upande wa pili wa hofu ile ile. Chembe anaogopa kutoka, na jibu liko nje. Msichana wa Rebecca anaogopa kuuliza, na jibu liko kwenye swali.

Tena mashaka yake yawe ya kazi. "Labda nimekosea" peke yake ni kilio. Ikifuatiwa na "ngoja niangalie tena", hapo hadithi inasogea.

"Mjomba, mimi naweza kuandika?"

Unaweza! Kalamu unayo, daftari unalo. Nitakupa siri za mafundi. Anza kwa kujua mwisho. Kabla hujaandika neno moja, jua nani alifanya na kwa nini. Halafu rudi nyuma, utupe dalili zako mapema, katika kurasa za mwanzo, msomaji akiwa anatazama kwingine. Usilete mwizi mpya ukurasa wa mwisho. Mwizi awe ametusalimia tangu asubuhi, kama Bwana Sharubu. Na usiogope kuandika habari za hapa. Wengine wanadhani upelelezi ni wa Dar es Salaam na Nairobi, wenye lami na magorofa. Kijiji chetu cha Wampembe hakina siri? Tuko chini ya ukingo wa Ufipa. Barabara ya kupanda Namanyere ni kali, gari likikwama hakuna anayeingia wala kutoka. Mbele yetu ni maji, na ng'ambo ni Kongo. Mwandishi gani asingetaka kijiji kama hiki? Mtuhumiwa hana pa kukimbilia!

Nitakuanzishia, halafu nitakuachia.

Yupo msichana hapa Wampembe. Anaogopa maji. Wenzake wote wanaogelea, yeye anasimama mchangani na viatu vyake mkononi. Wanamcheka. Baba yake ni mvuvi wa dagaa. Usiku usio na mwezi wavuvi wanatoka na taa zao, kwa sababu dagaa wanafuata mwanga. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Watoto wengine wanalala. Huyu halali. Anaogopa maji yatamchukua baba. Kwa hiyo kila usiku anakaa kibarazani na kuzihesabu taa. Zikitoka kumi na mbili, lazima zirudi kumi na mbili, ndipo anasinzia.

Usiku mmoja zimetoka kumi na mbili. Karibu na alfajiri zinarudi. Anahesabu. Kumi na tatu.

Asubuhi kijiji kinaamkia kelele. Nyavu za mzee mmoja zimekatwa vipande vipande. Wanaume wamesimama ufukweni, wanapiga kelele, na tayari wamekwisha mnyooshea kidole kijana mmoja mgeni, aliyefika juzi kutoka Kirando. Msichana yuko nyuma ya mama yake. Kijiji kizima ni yeye peke yake aliyehesabu taa, na alizihesabu kwa sababu anaogopa. Anajiambia labda amekosea. Labda alisinzia. Labda nyota ilikuwa chini sana. Nani atamsikiliza, yeye asiyeweza hata kulowesha magoti? Na ili ahakikishe, hana budi kuuendea mtumbwi mmoja uliofungwa mbali kidogo na mingine, pale maji yanapomfika mtu kifuani.

"Akaenda?"

Wewe ndiye unayejua. Jina sikumpa, mpe wewe. Mwenye taa ya kumi na tatu mjue kabla hujaanza, na usimwambie mtu, hata mimi. Ukimaliza kurasa tano za kwanza niletee. Nitazisoma mara mbili.